Sanduku la Chai Lililopewa Shingo

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudishe ufunguo wa stoo, na bado sijamaliza kikombe kimoja cha chai nikiwa nimeketi. Nainuka, naenda dirishani, narudi. Nimekaza kila skrubu iliyolegea ndani ya nyumba hii, hata zile ambazo hazikuwa zimelegea. Juzi mume wangu aliniomba nitafute kitu cha kufanya kabla sijaifumua friji nayo. Basi naandika. Nawaandikia ninyi mafundi mliobaki kwenye banda, na hasa wewe, Kipngeno, niliyekufundisha kazi, ambaye siku yangu ya mwisho ulishindwa kunitazama usoni. Nitafika kwako, ila lazima nianzie mbali.

Niliingia kwenye banda lile miaka ya tisini ikianza, nikiwa na cheti cha umeme kutoka chuo cha ufundi na viatu visivyofaa kazi yoyote. Mwenye banda wakati huo alikuwa Arap Tonui, ambaye sote tulimwita Bosi. Alikitazama cheti, akanitazama mimi, akasema, "Wewe Cherono utakaa kwa meza, utengeneze redio za nyumba. Kwa gari kuna grisi." Kana kwamba kwetu ng'ombe walikamwa kwa glavu.

Aliyenitoa mezani alikuwa Mzee Ouma. Alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akawa fundi umeme katika kiwanda cha majani chai kwa miaka mingi, kisha akaja mjini Kericho kufunga redio za magari. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Siku yangu ya tatu alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Nyathina, kuja unishikie tochi." Nyathina kwa lugha yao ni mtoto wangu. Nilishika ile tochi, na sikurudi kukaa mezani isipokuwa Bosi alipopita.

Siku hizo kila mwenye gari alitaka besi, ule mngurumo wa chini wa muziki. Magari yenyewe yalikuwa yamechoka, na redio zilikuja na spika mbili ndogo za mlangoni zenye sauti ya mbu ndani ya kopo. Mteja alikuja na hamu kubwa na mfuko mdogo. Kwingine angeambiwa anunue mtambo mkubwa aende akauze ng'ombe. Mzee Ouma alianza na betri ya tochi.

Hili nimewafundisha wote, lakini naliandika tena kwa sababu mikono yangu inataka kazi. Ukigusisha betri ndogo kwenye waya za spika, karatasi yake inaruka nje au inaingia ndani. Spika zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inakufa pale katikati, hata ufunge spika za bei gani. Nusu ya magari yaliyokuja kwetu yakilia kwamba hayana besi yalikuwa na ugonjwa huo tu. Mzee aligeuza waya mbili, akafunga mlango, na mteja akadhani ni uchawi.

Baada ya waya, milango. Mlango wa gari una matundu ndani yake, na besi hupotelea humo. Tulikata mikeka chakavu ya mpira, ile ya kukanyagia ndani ya gari, tukaibandika kwa gundi mpaka kila tundu likazibika. Ikiwa mteja bado hakuridhika, ndipo Mzee alipomtengenezea sanduku la spika la kuweka kwenye buti, nyuma ya gari.

Masanduku yetu yalitoka kwenye chai. Viwanda vilikuwa vikianza kuacha yale masanduku ya plaiwudi na kupakia majani kwenye magunia ya karatasi, kwa hiyo masanduku matupu yalizagaa kila mahali. Watu walifugia kuku humo. Plaiwudi yake ni nyembamba, haifai ikiwa peke yake. Mzee alibandua ile karatasi ya fedha ya ndani, maana ukiiacha inazomea wimbo mzima, kisha akaunganisha mbao mbili mbili kwa gundi, akakaza kona kwa vipande vya mbao, akajaza pamba ya mto wa zamani. Gari lilinuka kiwanda kwa mwezi mzima. Mteja mmoja alirudi kulalamika kwamba kila akiwasha redio anapata kiu.

Kilichonishangaza zaidi ni namna Mzee alivyopima kazi yake. Alinyunyizia kidogo vumbi la chai juu ya spika, akaliangalia likirukaruka, kisha akafumba macho na kuweka kiganja juu ya karatasi. Alikaa hivyo nusu wimbo, halafu akasema, "Iko." Mvua ya saa tisa ilipoanza kupiga mabati, sisi wengine tuliacha kazi kwa sababu hatukusikia kitu. Mzee aliendelea tu. Nilidhani huo ndio ustadi wenyewe.

Miezi mitatu ilinitosha kujua. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hakugeuka. Ukizungumza naye, aliangalia mdomo wako. Mashine za kile kiwanda zilikuwa zimekula masikio yake kidogo kidogo, naye akaja kujificha kwenye kazi ya redio, mahali ambapo hakuna mtu angemshuku. Sikumwambia mtu. Hata yeye sikumwambia. Nilijizoeza tu kusimama mahali anaponiona, na spika ikikoroma nilijikuna sikio. Nikikuna la kulia, alijua ni spika ya kulia. Tulifanya kazi hivyo zaidi ya mwaka na hatukulizungumzia hata siku moja.

Kisha akaja Bwana Langat wa Kedowa, mkulima wa viazi na maziwa, na Corolla yake ya zamani. Mwanawe alikuwa amepata mchumba upande wa Bomet, na siku ya Jumamosi wazee wa ukoo walikuwa waende kumposa. Langat ndiye aliyekuwa abebe wazee. Hakutaka kuingia boma la watu na gari linalolia kama mbu. Alitoa wufa mbili, zile spika kubwa za besi, kwenye redio kubwa ya nyumbani, ile ya kabati, akasema tuangalie ni nini kinawezekana. Mzee alimjengea sanduku moja, akapachika wufa zote mbili ndani yake.

Jumanne nilitumwa dukani kununua waya. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha, buti iko wazi, kaseti ya kwaya inacheza, Langat na Bosi wamesimama kando. Mzee alikuwa ameinama, kiganja kwenye wufa ya kwanza, kisha ya pili. Zote zilikuwa zikitetemeka vizuri. "Iko," akasema. Mimi nikaingiza kichwa. Sauti za akina mama zilikuwepo, kinanda kilikuwepo, lakini chini kulikuwa kutupu.

Ningeweza kujikuna sikio. Mzee alikuwa akinitazama, akingoja hilo hilo. Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini sikufanya hivyo, na jibu ninalo, sema silipendi. Bosi alikuwa pale. Nilichoka kuitwa msichana wa meza. Nilitaka ajue ni nani mwenye masikio kwenye banda lake.

"Mzee, hapa hakuna besi!" nilisema kwa sauti kuu. "Hata kidogo!"

Langat akazima redio. "Kwani huyu fundi hakusikia?" akauliza.

Bosi alizunguka polepole mpaka nyuma ya Mzee, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ouma." Mzee aliendelea kuifuta bisibisi kwa kitambaa. "Ouma, banda inaungua." Mzee akaiweka bisibisi kwenye mfuko wa ovaroli, akachukua nyingine. Hakuna aliyecheka.

Bosi akaja mbele yake, akazungumza taratibu ili midomo isomeke. Alikuwa Mkipsigis wa ndani kabisa na neno besi lilimshinda maisha yake yote. "Mzee, Langat anakuja kuchukua gari Ijumaa saa tisa. Ikitoka bila pesi, utafunga vitu yako uende nyumbani. Siwezi kuweka fundi wa redio hasikii."

"Nimeelewa," Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo.

Alikuwa na mke na watoto upande wa ziwa waliomtegemea, na umri ambao hakuna mtu angemwajiri tena. Mdomo wangu ndio ulimfikisha hapo. Siku ile sikula. Nilitembea kwenda nyumbani, upande wa Kabianga, mwendo wa saa moja na kitu katikati ya michai, na nilipofika nilipita lango la kwetu nikaendelea mbele mpaka kwa jirani, nikageuka. Kesho yake Mzee alinisalimia kama kawaida, akafungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena. Hakunitazama aone kama nitajikuna sikio. Alijaribu kuongeza pamba, akapunguza pamba. Mimi nilizunguka gari lile mpaka Bosi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano jioni Mama alikuwa uani akisafisha sotet, vile vibuyu vya kuwekea mursik, yaani maziwa yetu ya kugandisha. Alikuwa amemaliza kusugua ndani kwa mkaa, na sasa alipuliza juu ya mdomo wa kila kimoja kusikia kama kina ufa. Kizima kinanguruma. Chenye ufa kinatoa hewa tu. Mimi nilikuwa naenda mlangoni na kurudi.

"Keti chini," Mama akasema. "Unanizungusha kichwa."

Sikuketi, ila niliacha kuzunguka. Alipuliza kibuyu kimoja kidogo, kikalia kwa sauti ya juu. Alipuliza kile kikubwa chenye shingo ndefu, kikalia chini kabisa, mpaka nikakisikia kifuani. Nilikuwa nimesikia sauti hizo tangu nikiwa mgongoni mwake na sikuwahi kuzifikiria. Tumbo kubwa na shingo ndefu, sauti ya chini. Sanduku letu lilikuwa tumbo peke yake. Hatukulipatia shingo.

"Mama, niazime hicho kikubwa."

"Cha nini?"

"Cha gari."

"Kirudi kizima," Mama akasema. "Hicho ni cha wageni."

Alhamisi asubuhi nilikiweka mbele ya Mzee Ouma kwenye meza. Nikachukua viganja vyake viwili, jambo ambalo msichana hafanyi kwa mzee asiye wa kwao, nikavizungushia tumbo la kibuyu, nikapuliza. Uso wake ulibadilika. "Puliza tena," akasema. Nikapuliza. "Inaongea," akasema. "Nyathina, hii kitu inaongea!" Kisha akalitazama sanduku lake, akatikisa kichwa. "Kumbe mimi nilitengeneza mtu hana mdomo."

Tulikata tundu la mviringo, tukachukua paipu ya plastiki ya maji, tukaichomeka. Tukawasha kaseti. Mzee akaweka kiganja kwenye mdomo wa paipu, akangoja. Vumbi la chai lilirukaruka kwenye wufa zote mbili kama mahindi kwenye sufuria, lakini kiganjani hakukuja kitu. Akaondoa mkono, akaurudisha. Kisha nikaona ameelewa. Akajipiga paji la uso.

"Zinavutana," akasema. "Hii inasukuma, hii inavuta. Hewa inazunguka tu ndani, haitoki. Lete betri."

Nikampa betri ya tochi. Wufa ya kwanza ikaruka nje. Ya pili ikaingia ndani. Waya zile za redio ya kabati zilikuwa na rangi moja, naye siku ile hakuzipima kwa betri, somo la kwanza alilonifundisha, nami niliyekuwa dukani niliamini amezipima. Kiganja kikikaa kwenye spika moja moja, zote zinatetemeka na huwezi kujua kwamba zinagombana. Kosa lile linajulikana kwa sikio, naye sikio hakuwa nalo. Lakini sasa sanduku lilikuwa na mdomo, na mdomo ulimwambia mkononi kile ambacho sikio lilimnyima. Aligeuza waya, akawasha. Akarudisha kiganja kwenye paipu, na nikaona vidole vikisukumwa nyuma.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya urefu. Paipu ikiwa ndefu mno, besi inazama na kupotea. Ikiwa fupi mno, inabweka. Tulikata kipande cha upana wa kidole kila mara, mimi nikisikiliza, yeye akishika. Paipu ya kwanza tuliikata tukapitiliza, na paipu iliyokatwa hairudi, kwa hiyo tukaanza upya na nyingine. Kuanzia siku hiyo alinitazama tena. Nikijikuna sikio alitabasamu.

Ijumaa Langat alifika saa tisa kamili, pamoja na mvua. Si mvua tu, ilikuwa ile ya mawe, ile inayochana majani ya chai na kuwafanya wakulima wakae kimya siku nzima. Ilipiga mabati mpaka ukimpigia mtu kelele sikioni hasikii. Bosi alionyesha saa yake. Mzee akafungua buti, akawasha kaseti. Midomo ya Langat ikasema kitu. Midomo ya Bosi ikasema kitu kingine. Hakuna aliyesikia wimbo, wala besi, wala mwenzake.

Kazi yote ile, halafu mbingu inaturushia mawe! Nilienda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Mzee Ouma ndiye pekee aliyetulia. Kwake siku ile ilikuwa kama siku nyingine zote. Aliushika mkono wa Bosi kwa heshima, akaufungua kiganja, akauweka mbele ya ile paipu.

Bosi aliuvuta mkono kana kwamba ameguswa na mtu gizani. Kisha akaurudisha mwenyewe. Akasimama pale, mvua ya mawe ikilia juu, na nilimwona akitingisha kichwa kufuata wimbo ambao hakuusikia. Akamwita Langat kwa kidole. Langat akaweka mkono wake, akafungua mdomo, akacheka. Wanaume wawili wazima walisimama nyuma ya Corolla wakigombania paipu ya maji.

Mvua ilipopungua, besi ikatufikia wote, nene, imetulia, chini ya sauti za kwaya mahali pake hasa. Langat alisema wazee watalala njiani kwa raha. Bosi alimgeukia Mzee, akauliza, midomo ikisomeka, "Umesikia?"

"Nimeshika," Mzee akasema.

Bosi alirudi ofisini, na habari ya kufunga vitu haikutajwa tena. Jumatatu nilikuta meza yangu imewekewa makopo ya rangi. Hiyo ndiyo barua yangu ya kuhamia kwenye magari.

Siku hiyo ya Ijumaa, tulipokuwa tukiosha mikono, nilisimama mahali anaponiona nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Sikupaswa kusema mbele ya watu. Afadhali ningekunong'oneza."

Alianza kucheka mpaka akashika ukuta. "Nyathina," akasema, "ungenong'ona, ningesikiaje?"

Alibaki nasi miaka mingi baada ya hapo, na aliondoka kwa kupenda kwake, kwa sababu alitaka kufuga mbuzi. Mama hakukubali kibuyu chake kirudi nyumbani na harufu ya gundi, kwa hiyo kikabaki bandani. Tulijenga masanduku yenye shingo mpaka masanduku ya chai yakaisha Kericho yote, tukahamia mbao nyingine. Hayo mengine mnayajua.

Sasa wewe, Kipngeno. Mwezi uliopita nilifunga lile gari la mwalimu wa Kabianga, wufa mbili kwenye masanduku mawili tofauti, kila moja na shingo yake. Niliweka kiganja kwenye ya kushoto, ikapumua. Nikaweka kwenye ya kulia, ikapumua. Nikasema iko. Wewe ukatokea nyuma yangu, mteja akisikiliza, ukasema, "Mama, hapa hakuna besi!" Ukageuza waya za sanduku moja, na mteja akaachia tabasamu. Masanduku mawili hudanganya kiganja vile vile wufa mbili zilivyomdanganya Mzee, na masikio yangu yameanza kuondoka tangu mwaka juzi, ndiyo sababu nikarudisha ufunguo. Wewe ulikuwa unajua. Nimekumbuka sasa kwamba kwa muda mrefu umekuwa ukisimama mahali ninapokuona.

Naambiwa huli vizuri, na kwamba unazunguka banda kama mtu aliyepoteza kitu. Nimeandika kurasa zote hizi ili uache. Kile kibuyu kiko juu ya rafu ya betri, ndani ya gunia la karatasi. Ni chako, ila kimwagie maji mara moja kwa mwaka kisipasuke, na ukipulize usikie.

Na usijilaumu kwamba ulisema kwa sauti. Ndiyo maana nilisikia.